Mama Mkwe Ameua Kiboko, Nami Ndiye Askari wa Wanyama

Mpendwa Bibi Kulusumu,

Nakuandikia kwa uchungu, naomba unisaidie mawazo maana yangu yamekwisha, mimi ni Mgisu wa Namatala, Mbale, ila kazi yangu ni askari wa wanyama hapa Jinja, na mke wangu Topista ni Msoga wa Wanyange, kando ya ziwa, ambako viboko hutoka majini kula mashamba ya watu, na mwaka juzi mmoja wao alimuua baba mkwe wangu akitetea viazi vyake, serikali ikatuma pole, na kiboko akaachwa aendelee kula.

Mama mkwe akabaki mjane na shamba la mihogo, ile ya akiba ya njaa ambayo bwana shamba ameamuru kila nyumba iwe nayo, asiyekuwa nayo anashtakiwa, basi mama akapanda, viboko wakala, akapanda tena, wakala tena, bwana shamba akaja akamwambia, "Mama, mimi hapana taka maneno ya kiboko, mimi nataka muhogo," ndipo mama akachimba shimo katika njia ya mnyama, akasimamisha ndani miti iliyochongwa, kiboko akaingia akafa, majirani wakagawana nyama kimyakimya.

Bibi, kwetu na kwao mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, nikimwona njiani najificha mpaka apite, lakini mkwe hasahauliwi kwa chakula, naye kwa heshima yake akaniletea fungu langu la nyama ya moshi ndani ya majani ya ndizi, Topista akaipika kwa karanga, nikala, nikasifu, nikaomba tena, ndipo nikauliza ni nyama gani, mke wangu akanitajia shimo la mama yake.

Kesho yake bwana nyama, Mzungu mkubwa wangu wa kazi, akaniita ofisini, ambako ukutani kuna vichwa vya nyati aliowapiga mwenyewe kwa starehe, akasema, "Eriya, iko mtu naua kiboko Wanyange. Mimi nataka yeye hapa Jumatatu." Nikajibu ndiyo bwana. Topista naye ameniambia, "Kama wewe nafunga mama yangu, usirudi hapa. Kaa na kofia yako." Nampenda mke wangu, na kazi hii ndiyo inayotulisha. Nifanye nini?

Eriya, Jinja

Eriya mwanangu,

Pole, na kwanza pole kwa baba mkwe wako, maana naona hata kumlilia hukupata nafasi. Lakini nitakugombeza. Unauliza kama umfunge mama. Utamtiaje pingu mtu usiyeweza hata kumtazama? Unachoogopa hasa ni kwamba umekula, na Jumatatu utasimama kama mshtaki hali wewe ni mshtakiwa mwenzake.

Serikali yetu hii ina mkono mmoja unaosema panda, na mwingine unaosema mwache mlaji ale. Mzungu mwenye leseni akiua kiboko hupigwa picha, mguu juu ya mnyama, na hiyo huitwa mchezo. Mjane akiua kwa ajili ya muhogo, huyo ni mhalifu. Sisemi viboko waishe, nao wameumbwa na Mungu. Nasema anayewapenda sana awalishe shambani mwake mwenyewe.

Sasa sikiliza. Mtu huruhusiwa kulinda shamba lake, ila apeleke habari. Mama amenyamaza, na hilo linatengenezeka kabla ya Jumatatu. Topista na mjomba wake wampeleke kwa chifu wa gombolola yao, mwenye kutawala eneo lile, aseme alilofanya na kwa nini. Wamwombe chifu awaite bwana shamba na bwana nyama siku moja, wasimame pamoja katika shamba lile, waamue mbele ya mjane kama mihogo ipandwe au iliwe. Wewe nenda kwa mkubwa wako, mwambie kwa mdomo wako kuwa huyo ni mama mkwe wako na nyama umekula, amtume askari mwingine. Huenda ukavuliwa kofia. Itakuuma, na nyumbani mtakula viazi vitupu kwa muda.

Na kama mama atafungwa hata hivyo, maana mizani si yangu, usikae ukijililia. Mvua zimeanza. Chukua jembe ukalime shamba lake, na usiku ulilinde kwa moto na debe. Mila imekukataza uso wa mama huyo, haikukukataza kumlimia. Akitoka jela akute muhogo wa kula, na binti yake bado mkeo.