Makofi ya Viti vya Mbele

Mdogo wangu mpenzi,

Nakusalimu kwa salamu zote alizotufundisha marehemu mama, na nyingine nimeziongeza mwenyewe. Shemeji yangu hajambo? Mgongo wake umetulia, au bado anautumia kukwepa kuchota maji? Huku tumesimama kwa miguu yetu, tunamshukuru Mungu. Juzi ulipopiga simu nikakata, wala si kwamba nimekukasirikia. Kuna maneno mdomo wangu umeyagomea, nikaona mkono ndio uyabebe. Uliuliza kama mgeni wetu amefika. Nitakujibu. Niache kwanza nianzie ninapopaweza.

Unajua kifungua mimba wangu ni diwani. Najua nimeshakwambia, na nitakwambia tena. Mtoto niliyemsomesha kwa kufua nguo za watu leo ana kiti barazani, kipaza sauti mbele yake, na akikohoa tu karani anashika kalamu. Sokoni wananiita Mama Mheshimiwa. Kuna muuza mkaa mmoja anasema siku hizi natembea kama niliyepigiwa kura mimi. Mwenye wivu ajinyonge.

Basi kilipokaribia kikao cha kugawa fedha za maendeleo, alikuja mwenyewe nyumbani, akanywa chai, akaniomba niende na kina mama wenzangu tuketi viti vya mbele vya wananchi. Akasema moyo wake hutulia akiuona uso wangu. Sasa mimi ningekataaje? Nilipita nyumba kwa nyumba kama mwenye harusi. Binti yangu, kitinda mimba, naye alitaka kuja na tumbo lake lile la miezi saba. Kaka yake ndiye aliyemlipia shule, anampenda kama baba. Nikamwambia apumzike.

Wenzangu niliwafundisha jambo moja: kila akimaliza kusema, makofi, tena ya kusimama. Madiwani wengine walileta watu wa kusinzia, sisi tulikuwa macho kodo. Alipoinuka, suti imemkaa, akaanza Kiswahili chake kile cha ofisini, mara rasilimali, mara kuunganisha huduma, mara kipaumbele ni soko la kisasa. Mimi nilikuwa nasikiliza sauti tu, namna inavyojaza ukumbi. Fundi cherehani jirani yangu akaninong'oneza, eti amesema nini? Nikamjibu, "Amesema vizuri." Tukasimama, tukapiga makofi mpaka viganja vikawaka. Mwenyekiti akatabasamu, akamwambia karani aandike kwamba wananchi waliohudhuria wameunga mkono. Nilirudi nyumbani miguu haigusi chini.

Kumbe tulichokipigia makofi ni kufungwa kwa chumba cha kujifungulia cha zahanati yetu. Fedha hazikutosha zahanati na soko, basi wajawazito waende hospitali kuu, kule ng'ambo ya daraja. Nilijua siku mkunga alipopita kuaga, sanduku mkononi. Ndiye aliyempokea binti yangu alipozaliwa. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba ameambiwa sisi wenyewe tumeridhia. Nikamtetea mwanangu pale pale mlangoni, nikasema wakubwa ndio waliompa karatasi asome, damu yangu haiwezi kutunga jambo kama hilo. Binti yangu alikuwa nyuma yangu, akasema maskini kaka, wanamtumia.

Sasa nikujibu. Uchungu ulimshika mchana, mvua inanyesha. Seremala wa mtaani kwetu akatupakia kwenye pikapu yake, nami nimemlaza binti yangu mapajani, turubai juu yetu. Darajani malori ya saruji ya hilo soko yalikuwa yamekwama, hapapitiki. Mtoto akaja pale pale, mikononi mwangu, nami si mkunga. Kamba ya kitovu ilikuwa imemzunguka shingoni. Nilihangaika nayo kadiri Mungu alivyonijalia, mdogo wangu, na hakunijalia ya kutosha. Alikuwa wa kike. Alikuwa na paji lako la uso. Mama yake amepona, ila maziwa yanamtoka na hakuna wa kuyanyonya.

Mwanangu diwani alimbeba yule mtoto mwenyewe mpaka kaburini, hakukubali kupokewa na mtu. Nilimwonea huruma. Watu walipotawanyika nikamfuata nyuma ya nyumba, alikokuwa ananawa udongo. Nikamwambia asijilaumu, wakubwa ndio waliomponza, na mama yake mjinga akapigia makofi asichokijua. Nilitaka nimpunguzie mzigo. Akaendelea kunawa, na mikono ilikuwa imekwisha kutakata. Kisha akasema bila kunitazama, "Mama, nilijua mtapiga makofi. Ndiyo maana nilikuita."

Ile karatasi aliiandika mwenyewe. Baraza haliwezi kuondoa huduma mpaka wananchi waonekane wameridhia, na alijua akitueleza waziwazi tutakataa. Ameniambia aliamini soko litatuinua sote, na kwamba wenye uchungu hawatakosa gari. Na aliamini kweli, mimi ndiye mama yake, najua anapodanganya na anapoamini. Lakini alikaa kwenye kiti changu, akanywa chai yangu, akaniambia habari za moyo wake kutulia. Nilikuwa nafurahi mno, hata sikumtazama machoni.

Nilimtaka akamwambie dada yake kwa kinywa chake, maana kwa changu hayatoki. Hajaweza. Jana alikuja, akasimama uani. Binti yangu, ambaye bado anatembea kwa kushika ukuta, akamtolea kiti yeye mwenyewe, akakipangusa vumbi kwa upindo wa gauni lake, akamwambia akae, amekonda mno kwa kuwabeba watu wote. Akakaa. Akafungua mdomo, kisha akamuuliza kama amekula. Mimi nilikuwa dirishani. Sikujua nimwombee kwa Mungu ujasiri wa kusema au wa kunyamaza.

Nisalimie shemeji, na watoto mmoja mmoja kwa jina lake. Wakiuliza habari za kaka yao mkubwa, waambie ni mzima. Usiongeze neno.

Ukipata nafasi, njoo. Usilete kitu, njoo wewe tu.

Ni mimi,
dada yako.