Mchanga wa Shimo Lako

Baba, shikamoo.

Leo sina maneno mazuri. Nimefura kwa hasira tangu juzi na wa kumkasirikia simpati, ndiyo maana nakuandikia wewe.

Kaburi lako limejengewa. Ndugu na majirani walitaka kazi iishe kabla ya arobaini, wakajitolea, hakuna aliyetaka hata chai. Nilipokuja kukuzuru nikaona ukingo wa saruji umenyooka vizuri na lipu yake ni laini. Nikaisifia. Baba mdogo Hamisi akafurahi, akaniambia, "Mchanga wake mwenyewe ule, wa kule shuleni. Tumeona ni haki yake aende nao."

Nilikwenda shuleni mbiombio. Shimo lako la mruko mrefu wamelikomba mpaka chini. Bata wa mwalimu mkuu wanaogelea humo kwenye maji ya mvua.

Mchanga ule, Baba! Uliufuata mto Matandu kwa trekta la kuazima, ukauosha, ukauchekecha kiganja kwa kiganja. Watu wa Kivinje wakipita wanacheka: huyu kaenda Ulaya karudi na wazimu, anachekecha mchanga na pwani yote hii imejaa mchanga. Hukuwajibu. Mimi ndiye uliyenieleza kwamba wa baharini una makombe yenye makali, na chumvi inaugandisha. Msichana akichanika paja mara moja, siku nyingine akikaribia ubao wa kurukia atapunguza mbio.

Umeivalia jezi ya taifa miaka na miaka, umeruka Nairobi, umeruka Ulaya kwenye baridi ya kukausha midomo. Siku ya mruko mkubwa kuliko yote maishani mwako, ncha ya kiatu ikapita ubao, bendera nyekundu ikapanda, mruko usihesabiwe. Hukuleta medali, na hapa kwetu asiyeleta medali ni kama hakwenda. Hata matangani, mgeni kutoka ofisi ya michezo alikusifu kuwa mkimbiaji hodari wa mbio ndefu. Watu wakaitikia. Mimi nilikuwa upande wa wanawake, nimeuma mtandio nisipige kelele.

Na wiki ijayo ni mashindano ya mkoa, Lindi. Zuhura, yule binti wa Pande uliyesema ataruka kunipita mimi mwanao, ndiyo nafasi yake ya kuchaguliwa, na hana pa kufanyia mazoezi.

Nikamwendea Baba mdogo. Nilimwambia kwa adabu, lakini nilimwambia. Jana akaja shuleni na kirikuu yake, kile kigari cha mizigo, imejaa mchanga, anatabasamu. Tukayachota maji ya shimoni, tukamwaga mchanga. Wa baharini, Baba. Makombe yanang'aa juu yake. Akaniuliza mchanga huu una kosa gani tena.

Nikajifunga kanga kiunoni, nikarudi nyuma, nikakimbia, nikaruka. Mtu mzima mimi, mbele ya baba yangu mdogo. Niliinuka goti linatoka damu.

Hakulitazama goti. Alikuwa anatazama ubao, kisha alama niliyoiacha mchangani, kisha ubao tena.

"Kaka ndiyo alikuwa anafanya hivi huko?"

Nikasema ndiyo.

"Na yeye alikuwa anafika wapi?"

Mmetoka tumbo moja, Baba, na hajakuona ukiruka hata siku moja. Nikaondoka kwenye alama yangu nikawa natembea. Shimo lile ulilichimba la watoto, fupi, nikalimaliza, nikatoka nje, nikasimama kwenye nyasi. Akadhani natania. Nikamwambia, "Hapa." Akaja akasimama nami, akageuka kuutazama ubao ulivyo mbali.

"Hatukuwahi kumuuliza," akasema.

Kesho alfajiri tunakwenda Matandu, yeye na kirikuu, mimi na chekeche. Zuhura atakwenda Lindi akiwa ameruka kwenye mchanga safi. Hasira bado ninayo, sikufichi. Sasa ninawakasirikia wote, na mimi nimo, maana nilijua ulikuwa unafika wapi na sikuwahi kumwambia mtu.

Mwenyezi Mungu akupanulie hapo ulipolala, Baba. Nami nakuahidi hivi: kila mtoto atakayekuja kujifunza kuruka, kabla sijamwonyesha ubao, nitamsimamisha kwanza pale kwenye nyasi, nimtajie jina lako.

Mwanao,
Mwanaidi