Sitaomba Radhi kwa Umeme wa Nkoma

Bariadi,
Julai 2025

Kwako Baba yangu mpendwa, Mzee Mabula,

Mwangaluka Baba. Nakusalimu kwa heshima zote ulizonifundisha, na kupitia kwako nawasalimu Mama na mdogo wangu Jenifer. Natumaini barua hii itawakuta wote wazima, na kwamba mguu wako umepona tangu yule fahali alipokukanyaga. Mama kifua kimepoa? Pamba mmeshamaliza kuchuma, au bado mnabembeleza vibarua? Mimi huku mwili mzima. Chakula nakula, usingizi napata. Kilichobaki ni hasira, nayo sina haraka ya kuiondoa.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu unanikatiza kabla sijafika katikati. Ukikatiza karatasi, maneno bado yatakuwepo. Luhaga, fundi wetu wa nguzo na nyaya, anapita hapo kwetu Shishiyu kwenda kwao, ndiye atakayekukabidhi. Mpe maji ya kunywa, ni mtu mwema.

Ujumbe wako nimeupata. Jenifer alinifikishia bila kupunguza kitu: kwamba umesikia mnadani kuwa mwanao amezima umeme Nkoma na vijiji jirani, ameunguza mali za watu na amesimamishwa kazi. Kwamba niende kwa meneja nikapige magoti, kwa sababu kazi ya ofisini haiokotwi njiani. Baba, nimekusikia. Jibu langu ni hapana. Nisikilize kwanza, kisha ukasirike ukiwa na habari kamili, si za mnadani.

Wewe huwaambia watu kwamba binti yako anauza umeme. Siuzi. Kampuni yetu inapeleka umeme wa jua Nkoma na vijiji jirani, na kila nyumba ina mita inayowasiliana na kompyuta zetu hapa Bariadi kwa mtandao. Nikiwa nimeketi kwenye kiti changu naona transfoma gani imeelemewa na nyumba gani haina umeme, na naweza kuwasha au kuzima bila mtu kupanda nguzo. Kila mfanyakazi anaingia kwa jina lake na neno lake la siri, ili ijulikane nani ameamuru nini. Uzuri wa mtambo ni huo, na hatari yake ni hiyo hiyo. Atakayeingia kwa jina langu, kompyuta itamtii kama inavyonitii mimi.

Siku ile nilikuwa nimetoka kula mchana. Nilipoketi niliona mita za Nkoma zinazimwa zote kwa pamoja, zinawashwa, zinazimwa tena. Pembeni ya kila amri huandikwa jina la aliyeitoa. Jina lilikuwa Mektilda Mabula. Baba, mikono yangu ilikuwa mapajani.

Nilijaribu kumtoa huyo mwenye jina langu, nikatolewa mimi. Nilimpigia meneja wetu, Bwana Sylvester, ambaye alikuwa kikaoni Mwanza. Akakata simu. Nikapiga tena, akazima kabisa. Wakati huo huo Luhaga alipiga kutoka Nkoma akihema. Alisema mashine ya kusaga ya Mama Salu inawaka na kuzima kama imepagawa na mota imeanza kutoa moshi, na nesi wa zahanati anauliza afanye nini na friji ya chanjo. Kanuni ya kwetu inasema mawasiliano yasikatwe bila ruhusa ya meneja. Niliikumbuka vizuri sana hiyo kanuni. Kisha nikainuka nikachomoa waya wa mtandao kwa mkono wangu.

Mitambo ya kule imetengenezwa ijizime yenyewe ikipoteza mawasiliano. Kwa hiyo ni kweli, umeme ulizimika kote, na ulibaki hivyo mpaka kesho yake, Luhaga na wenzake walipozunguka kuwasha kwa mikono. Mota ya Mama Salu iliungua, na televisheni kadhaa za watu. Lakini ziliungua kabla sijachomoa waya, si baada. Nesi alihamishia chanjo kwenye boksi la barafu na hakuna hata moja iliyoharibika. Hilo mnadani hawakukuambia.

Bwana Sylvester alirudi, akaangalia kumbukumbu za kompyuta, akaona jina langu kila mstari, akaridhika. Alisema hakuna mvamizi yeyote, kwani Nkoma kuna nini cha kuvamia? Eti nilibofya vibaya, nikapaniki, nikachomoa waya ili kuficha. Nilimjibu kwamba ningetaka kuficha kosa nisingezima vijiji vizima ili kila mtu aje kuuliza. Akanisimamisha kazi hapo hapo.

Baadaye alinifuata kwa upole, na upole wake ndio ulionitia wasiwasi. Aliniita dada yangu mara nyingi siku hiyo kuliko mwaka mzima. Alieleza kwamba wafadhili wanakuja kukagua. Wakisikia mfumo umeingiliwa watafunga mikoba waondoke. Wakisikia binti mmoja amekosea kubofya, watacheka na maisha yataendelea. Kwa hiyo nikasimame kwenye mkutano wa kijiji Nkoma, niseme nimekosea, niombe radhi, halafu nirudi kwenye kiti changu kama hakuna kilichotokea.

Naijua thamani ya kile kiti, Baba. Najua mlivyouza ng'ombe nisome. Lakini nikisema ni kosa langu, hakuna atakayeutafuta mlango aliopitia yule mtu, naye atarudi. Safari hii alichezea mchana, nesi yupo. Akirudi wakati mama yuko kwenye kitanda cha kujifungua, radhi yangu itamsaidia nini? Nilimwambia Bwana Sylvester kwamba mkutanoni nitakwenda. Cha kusema hatukukubaliana, yeye alidhani tumekubaliana.

Sasa Baba, kama unasoma umesimama, kaa.

Mpaka siku chache kabla ya mkutano sikujua alivyoingia. Mfumo wetu, mtu akisahau neno la siri, awe mfanyakazi au mteja, unamuuliza maswali. Akiyajibu anapewa neno jipya. Maswali yenyewe ni ukoo wako ni upi, bibi mzaa mama anaitwa nani, na mama yako alizaliwa wapi. Walioutengeneza wako mbali, na huko kwao nadhani hayo ni mambo ya ndani. Kwetu hizo ni salamu. Mtu hajamaliza kusema mwangaluka, ameshaulizwa ni mtoto wa nani na kwa kina nani.

Jenifer alinipigia kunipa pole. Katika kunifariji akasema si wafanyakazi wenzangu wote wabaya, mbona yule aliyempigia Baba wakati wa kuchuma pamba alikuwa mtu wa adabu. Alisalimia kwa Kisukuma kilichonyooka, akakusifia binti yako, mkaulizana koo na kucheka mpaka Mama akauliza unaongea na nani. Nikamuuliza Baba alimwambia nini. Akanitajia: ukoo wetu, Bibi Milembe, Lamadi.

Baba, nilikaa sakafuni. Hakuna mfanyakazi mwenzangu aliyewahi kukupigia. Nilikukasirikia, siwezi kukudanganya, tena nilikukasirikia sana. Baadaye nikajiuliza ulitakiwa kufanya nini. Mtu akusalimie kwa heshima, amtaje mwanao, akuulize kwenu, na wewe umkatie simu? Ungekuwa si wewe. Aliyekosea ni aliyefanya salamu za watu kuwa ufunguo wa mitambo, na aliyejua hilo akalitumia.

Nkoma nilisimama na kusema hivyo. Nilisema kwa Kisukuma, asije mtu akanitafsiria vibaya. Nilisema sikubofya chochote, kuna mtu aliingia kwa jina langu, na ufunguo aliupata kwa baba yangu mzazi, Mabula wa Shishiyu, kwa simu moja ya salamu. Nilikutaja, Baba. Nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia mnadani. Bwana Sylvester alinivuta gauni nikae, sikukaa. Watu walicheka, na walikuwa wanakucheka wewe. Iliniuma hadi machozi yakanilenga, lakini niliendelea mpaka mwisho.

Mama Salu akainuka. Mota yake ndiyo iliyoungua, na alikuwa amekuja kunitukana, kila mtu alijua. Alifunga kanga yake vizuri. Kisha akasema kwamba na yeye alipigiwa, na kijana mwenye adabu vilevile, akidai anahakiki mita. Alimtajia ukoo, akamtajia wanawe wote, na mwisho akambariki. Kicheko kikakatika. Mzee mmoja akanyoosha mkono, na mwingine nyuma yake, wazee ambao sijawahi kuwaona wakikiri jambo mbele ya vijana wao. Meneja akafunga mkutano bila hata kusema asante.

Kesho yake alinikataza kukanyaga ofisini. Sawa. Lakini polisi wa makosa ya mtandao wamesikia, na Jumatano ijayo wanachukua maelezo hapa Bariadi. Bwana Sylvester anasema wazee husahau, na hizo simu ni hadithi zao tu. Wewe ndiye uliyeongea naye kwa muda mrefu kuliko wote. Sauti yake unaijua, na Kisukuma chake unaweza kusema ni cha upande gani. Njoo useme.

Najua ninachokuomba. Ni kusimama mbele ya watoto wa watu wenye sare na kusema kwamba ulidanganywa. Nilikutaja bila kukuomba ruhusa kwa sababu ningeomba ungekataa. Kwa kukuumiza naomba unisamehe, Baba yangu. Kwa kusema ukweli siombi msamaha kwa Sylvester, wala kwa wafadhili wake, wala kwako.

Nisalimie Mama, mwambie dawa ya kifua nitamtumia. Jenifer mwambie asijilaumu, amenisaidia kuliko anavyojua. Wasalimie na majirani wote, hata wale wanaoleta habari za mnadani.

Ukija Jumatano tutakaa benchi moja. Usipokuja nitaingia peke yangu, na nitalitaja jina lako tena kwa sauti, mbele yao wote, kwa sababu sikuonei aibu.

Ni mimi mwanao, mkaidi uliyemlea mwenyewe,

Mektilda Mabula