Wastani Si Mama

Kaka yangu,

Pole na kazi za ugenini. Hapa paka amezaa ndani ya kabati lako. Mimi bado napima balbu kiwandani: tunaziwasha mpaka ziungue, tujue kwa wastani zinadumu saa ngapi. Tukipima kumi, makadirio yetu ya wastani huo yana pengo pana la kukosea. Tukipima elfu, pengo linakuwa jembamba.

Ndiyo maana ulimwamini daktari. Alisema wamefuatilia maelfu ya wagonjwa kama Mama, na wastani wao wa kuishi ni miaka miwili, ikipungua au kuzidi ni mwezi mmoja tu. Ukaandika, “Basi nitakuja mwakani, nikae naye vizuri.” Mama akacheka, akasema, “Mwacheni, mwanangu ana hesabu zake.”

Lakini pengo lile jembamba la mwezi mmoja lilikuwa la wastani, Kaka, si la Mama. Hata katika balbu elfu, ipo inayozimika siku ya kwanza, na kiwandani hakuna anayeshangaa.

Tulimzika jana.

Taa ya mlangoni sijaizima. Kila jioni Mama alinikataza kuizima, akisema utafika gizani ujikwae.

Mdogo wako