Nyota ya Baba Yako

Göttingen, 21 Novemba

Mpenzi Gesine,

Salamu nyingi, na pole tena, maana pole za makaburini huwa za haraka. Natumai ulifika Bergen salama na kwamba wanao hawajambo. Mimi mzima wa mwili. Moyo ndio bado.

Juzi nilitetea tasnifu yangu nikafaulu. Wenzangu wa idara wakanivika kofia ya udaktari, waliyoibandikia vikorokoro vya kunitania: kikombe changu chenye ufa, kengele ya baiskeli yangu iliyoibwa, na juu kabisa ile nyota aliyonitengenezea baba yako, msimamizi wangu, kwenye kitanda cha hospitali kwa mpira wa tenisi ya meza. Walishangaa kuiona imebonyea.

Unajua alivyoipenda nyota yake: maada baridi mno, chembe zake zote wimbi moja, likijishikilia kwa mvutano wake lenyewe. Maisha yake yote aliihesabu kwa mvutano wa kizamani, na masahihisho ya nadharia ya uhusianifu akayaweka kando, akisema ni madogo, hayamwamshi hata paka. Kazi yangu ikawa kuyarudisha. Kumbe mvutano nao una nishati, na nishati hiyo nayo huvuta. Haba na haba, kibaba kikajaa. Kwa uzito aliousema yeye, nyota haisimami, inajiporomokea.

Uliponisihi kwenye simu nisimwambie, kwamba mgonjwa aachiwe nyota yake, nilikuahidi. Na nilikusudia kutimiza.

Sasa unaniuliza kama alikwenda kwa amani. Gesine, ahadi niliivunja. Jumapili ile nilimpelekea keki ya plamu. Akanitania kwamba keki nzito namna hiyo ingezama hata ufukweni kwetu Husum, penye maji ya magotini. Kisha akauliza masahihisho yametokaje. Nikasema bado nahesabu. Akaniambia niache kumzuga kama mtoto. Kwamba kila anayeingia chumba kile anamdanganya, daktari, muuguzi, hata binti yake kwenye simu, basi angalau hesabu isimdanganye. Nikamwambia.

Aliisogeza kando sahani ya keki. Akauliza kile kipande cha tatu cha mlinganyo ni jumlisha au toa. Nikajibu ni toa. Akafumba macho, akahesabu kichwani. Halafu akalia, kilio cha mtu mzima, nami nikalia naye. Alipotulia aliiomba ile nyota, akaikandamiza kwa kidole gumba mpaka ikabonyea, akasema wenzangu waibandike hivyo hivyo, maana ndivyo ilivyo.

Alhamisi akafariki. Sijui kama ile ilikuwa amani, na sitakudanganya kwamba ilikuwa. Nimemkosesha usingizi wa siku zake za mwisho, na kila nikijiuliza ningefanya nini kama angeniuliza tena, najiona namwambia tu.

Ukinikasirikia, una haki. Kofia ipo juu ya kabati. Siwezi kuivaa wala kuitupa. Ukija Krismasi, ing'oe nyota uende nayo. Alama ya kidole chake bado ipo.

Wabusu watoto, na mumeo umpe salamu zangu.

Ni mimi rafiki yako,
Wiebke