Kwaresima ya kumwacha Barke

"Mimi ni tembo la mnazi, Nyamvula? Wenzio wameacha tembo, wewe umeniacha mimi?"

Mwanasiti, huyo ni bibi yako Barke, mlangoni kwa nyanya yangu hapa hapa Chaani, mwaka wa sitini na mbili. Nyanya amenihadithia sasa hivi.

Katekista alimuuliza kila mtu ataacha nini Kwaresima. Nyanya akasimama mbele ya kanisa zima, akasema ataacha kibaraza cha Barke siku arubaini.

Alikusudia umbea, shoga. Umbea tu. Lakini jina kalitaja, na maneno yakafika kwa Barke kabla yeye mwenyewe hajafika nyumbani.

"Nani aliyekuzalisha wanao wote watatu?"

"Ni wewe, dada."

"Na leo mimi ndiye dhambi yako."

Nyanya akakaa mchangani, kanga usoni, analia. Avunje ahadi aliyoitamka mbele ya Mungu? Au ampite Barke siku arubaini kama hamjui, yeye aliyempokea alipokuja mjini hana hata mkeka? Nawe wamjua bibi yako, si mtu wa kusahau.

Mara adhana ya magharibi. Ilikuwa Ramadhani, Barke hajatia kitu kinywani tangu alfajiri. Akamtazama Nyanya pale chini.

"Hiyo Kwaresima yako yaanza lini?"

"Kesho, dada."

"Basi leo ungali wangu. Inuka, uji wapoa kwangu. Twende tufuturu."