Kanga ya Mgiriki

Jumatatu, 4 Agosti
Nimefungua duka, nimefagia, nimetundika kanga. Mzigo mpya umefika. Rangi zimetoka safi. Maneno nimetunga mwenyewe, mara ya kwanza tangu nianze kuuza na Mama hapa Kariakoo: SIJUI, NIFUNDISHE. Nimeyatoa kwa mwanafalsafa wa Kigiriki wa kale, yule aliyeshinda sokoni akiuliza watu maswali. Hekima yake yote ni kukubali kwamba hajui. Nilimsoma chuoni, akaniingia.

Mama kasoma mara mbili. "Mwanamke gani atajifunga kanga ya kujiita mjinga?"

Alhamisi, 7 Agosti
Hakuna aliyenunua. Za Mama, zenye vijembe vya wake wenza, zinatoka. Mangi, jirani yetu muuza vyombo, kanishauri niandike mapenzi. Nimekasirika. Maneno ni mazuri. Sibadilishi.

Jumamosi, 16 Agosti
Tumegombana mbele ya wateja. Mama kasema yeye katunga majina ya kanga tangu sijazaliwa, mimi namletea mambo ya Wazungu. Kaamuru mzigo wangu urudi stoo. Nimekataa. Sijawahi kumkatalia Mama. Kanga imebaki mlangoni.

Jumanne, 19 Agosti
Leo! Kaingia Bi Mwanahawa, kungwi wa Ilala. Anatafuta kanga za mwali anayemfunda kabla ya ndoa. Kaisoma yangu, kacheka mpaka kaomba kiti.

"Nani katunga hii?"

Nikajua ananikejeli. "Mimi. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mabinti wa siku hizi wote wanakuja kwangu wanajua kila kitu. Huyu namfunga hii siku ya kwanza."

Kachukua ya mwali, yake mwenyewe, na za mashangazi wote. Mama kafunga mzigo. Mimi nilitaka kupiga vigelegele barabarani.

Ijumaa, 22 Agosti
Wanawake wanaiulizia kwa jina. Nikiwa nyuma ya marobota nimemsikia Mama: "Katunga binti yangu." Kwa sauti ya kusikika mpaka kwa Mangi. Najivunia. Sana.

Jumapili, 24 Agosti
Duka limefungwa. Tuko kibarazani, Mama anamenya machungwa.

"Huyo Mgiriki wako alikuwa na mke?"

"Alikuwa naye. Wanasema mkali."

Kafikiri. "Mume anashinda sokoni anauliza watu maswali? Hata mimi ningekuwa mkali."

Tumecheka. Kanipa chungwa. Kisha kauliza huyo Mgiriki alisema nini kingine. Nimemweleza mpaka adhana ya magharibi.